Mama Kitana na Kichwa cha Binti wa Kaka Yake

Kila asubuhi, kabla mgeni wa kwanza hajashuka kunywa chai, wanawake wa hoteli ile walipanga mstari kwenye korido iliyo kati ya jiko na ukumbi wa kulia, pale penye friji kubwa inayonguruma kama ina kikohozi. Sketi nyekundu, shati jeupe, kichwa wazi. Halafu anatokea mkuu wa wahudumu, mwanamke mfupi, kifua mbele, mkononi kitana cheupe cha meno membamba. Anasimama mbele ya wa kwanza, anakiweka kitana panapoanzia nywele, anakivuta mpaka kisogoni.

"Kimepita. Mbele."

Anakwenda kwa wa pili.

"Kimepita. Mbele."

Kwa wa tatu kitana kinaingia kidogo, kinagoma. Hasukumi, habembelezi.

"Kimekwama. Nyuma."

Mbele ni ukumbini, penye zulia na feni na wageni wanaoacha chochote chini ya sahani. Nyuma ni chumba cha kuoshea vyombo, hakina dirisha, kina masinki ya bati na mvuke unaomlowesha mtu mpaka ndani ya viatu. Sheria hii haikuandikwa popote. Tafuta ubaoni, tafuta kwenye mkataba, hutaiona. Ilikaa ndani ya kile kitana, na kitana kilikaa mfukoni mwa yule mwanamke, ndiyo maana hakuna aliyemwita jina lake. Walimwita Mama Kitana, mbele yake kwa heshima, kisogoni kwake kwa namna nyingine.

Usimhukumu haraka. Kitana kile alikileta mwenyewe, na alikileta kwa wema.

Zamani meneja alikuwa bwana mmoja mnene mwenye pete, na ndiye aliyekuwa akikagua vichwa. Alikagua kwa mkono. Anakutia vidole kichwani, anapapasa, anabonyeza, kama mtu anayechagua nanasi, huku anacheka. "Hizi nywele au waya wa kusugulia sufuria?" Na mkono ukitoka kichwani haurudi kwa mwenyewe moja kwa moja, unapitia shingoni kwanza, wakati mwingine na chini ya shingo. Wanawake walilia chooni, wakanawa uso, wakatoka kubeba sinia.

Siku moja kabinti kamoja ka kuosha vyombo, kafupi, kifua mbele, kakatoka mstarini na kusema kwa sauti tamu kama asali, "Bosi, ya nini kuchafua mikono yako na mafuta ya vichwa vyetu? Kazi hiyo nipe mimi. Kitana ninacho. Kikipita kimepita, kikikwama kimekwama. Wewe kaa ofisini unywe kahawa yako."

Bosi akajiona kaheshimiwa, akakubali. Mkono ukakoma siku ileile. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wanawake walimpigia vigelegele yule binti, wakamnyanyua juu juu mpaka kichwa kikagonga taa. Alijiona mjanja kuliko wote, na alikuwa mjanja kweli. Kwa furaha ile hakuna aliyeuliza kitana chenyewe kitapita kwenye kichwa cha nani.

Kwake hakikupita. Alikuwa na nywele za mama yake, nzito, nyeusi tii, zile za kukaa mchana mzima katikati ya magoti ya mtu ndipo ziishe kusukwa. Na mpima vichwa hawezi kuwa na kichwa kilichokwama. Akanunua dawa ya kulainisha, akapaka, akauma meno. Iliunguza. Zikanyooka, akapandishwa mbele. Zikikua kidogo, anapaka tena. Vidonda vikipata ganda, ganda likidondoka, anapaka tena. Nywele za mbele zikaanza kupukutika kama majani ya mti unaougua, zikafuata za utosini, na siku aliyoona kichwa chake kinang'aa kwenye kioo kama sinia la ukumbini, alikaa kitandani na viatu miguuni mpaka giza likaingia. Kesho yake akanunua wigi.

Yule mwenye pete akaondoka, wakaja wengine, wakaondoka. Kuta zikapakwa rangi mpya, mapazia yakabadilishwa. Mume wa Mama Kitana naye alikuja akaondoka kama meneja. Kitana kikabaki.

Wanawake wengine wakivaa wigi hulishonea juu ya nywele zao. Lake halikuwa na pa kushika. Alilibandika kwa gundi, na feni za ukumbini zilimtia wasiwasi kuliko wezi. Akifika nyumbani anaingia chumbani na wigi, anatoka na kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Hakuna binadamu aliyekiona kile kichwa, wala hakuna aliyekijua. Hivyo ndivyo alivyoamini.

Basi kaka yake, fundi seremala, akaanguka kutoka paani, nyonga ikavunjika. Akamtuma bintiye mkubwa kwa shangazi yake akatafutiwe kazi. Binti huyo toka utotoni walimwita Kiberiti, kwa sababu ukimgusa tu anawaka. Alifika na mfuko mmoja, chanuo la mti, na kichwa ambacho Mama Kitana alipokiona mlangoni ilibidi ashike kizingiti. Nywele zilezile. Za mama yake. Zimesukwa twende kilioni, mistari imelala chali kuelekea nyuma, safi, imenyooka kama imepigwa rula.

"Shangazi, mbona umeniangalia kama umeona mzimu?"

"Ingia ndani, wewe mtoto. Ukisimama mlangoni nyoka watakufuata."

"Nyoka wako wapi ghorofani?"

"Ingia."

Hotelini kitana kilikwama kwake hata hakijaanza, akapelekwa nyuma. Kiberiti hakujali. Aliosha vyombo huku anaimba, akaelewana na mpishi mkuu, mzee mmoja mrefu aliyeitwa Mzee Chumvi kwa sababu ulimi wake haukukosa viungo. Jioni anarudi na shangazi yake, wanakula, wanapashana habari, na kila siku anarudia palepale.

"Shangazi, joto lote hili. Si uvue basi hicho kitambaa?"

"Kitambaa changu kinakuuma nini?"

"Hakiniumi. Kinakuuma wewe."

"Kula, chakula kinapoa."

Maisha yangeenda hivyo. Lakini meneja wa sasa alikuwa mwanamke kijana, msomi, mpole wa sauti, nywele za kununua zimemshuka mpaka mgongoni. Akamwita Mama Kitana ofisini, akamkaribisha kiti, na Mama Kitana akajua kuna jambo, maana kile kiti hapewi mtu bure.

"Mama, wiki ijayo tuna wageni wa mkutano. Ukumbi utajaa. Nataka watu wote mbele."

"Sawa, madamu."

"Yule binti yako wa nyuma anaongea vizuri, anacheka vizuri, ana meno. Anafaa kabisa. Ila kichwa."

"Kichwa kimefanya nini, madamu?"

"Mama, wewe ndiye wa kuniuliza mimi?" Meneja akatabasamu. "Jumatatu nataka kitana kipite. Kisipopita, sitakuwa na kazi naye hata huko nyuma. Tumeagiza mashine ya kuosha vyombo. Nimekuachia wewe kwa sababu wewe ni mtu mzima na ni shangazi yake. Kutoka kwako atasikia."

Mama Kitana akatoka. Koridoni akapiga hesabu. Akisema hapana, mtoto hana kazi, na kule kwa kaka hakuna mwingine wa kuleta unga nyumbani. Akisema ndiyo, basi mkono utakaochoma nywele za mama yake ni wake yeye. Na akisema kitana chenyewe ni upuuzi, hapo ataulizwa miaka yote hiyo alikuwa anapitisha nini kwenye vichwa vya wenzake.

Alimwambia Kiberiti wakiwa njiani, haraka haraka, kama mtu anayebandua plasta. Alitegemea moto. Moto haukuwaka. Wakapita duka la viatu, wakapita kituo cha mafuta.

"Baba alinipigia simu," akasema mwisho. "Anasema anajifunza kukaa. Mtu mzima, shangazi, anajifunza kukaa." Kisha akasema, "Inaunguza?"

"Kidogo."

"Kidogo kama chai au kidogo kama pasi?"

Mama Kitana akajifanya anavuka barabara.

Jumapili mchana Kiberiti mwenyewe ndiye aliyeleta kopo. Akaliweka mezani, akaketi chini kwenye mkeka, mgongo kwa shangazi yake, akasema, "Haya, nichinje." Mama Kitana akavaa glavu. Akampaka mafuta ya mgando kwenye paji la uso, masikioni na shingoni, pale ambapo dawa ikidondoka hula ngozi. Akaanza kufumua mistari.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nywele zilipofumuliwa hazikulala. Zilisimama zote pamoja, taratibu, kama watu wanaoinuka mgeni akiingia. Kwa glavu hakusikia kitu, akazivua. Akatia vidole. Vidole vilijua njia. Vilikumbuka na harufu yake, na joto lake karibu na ngozi, na kile kijinywele kigumu cha nyuma ya sikio la kushoto ambacho mama yake alikuwa anakiita mkaidi. Kiberiti naye alikuwa nacho, mahali palepale.

"Shangazi, unalia?"

"Nilie nini? Harufu ya dawa."

"Kopo hujalifungua."

Mama Kitana akalitazama lile kopo. Mfuniko wake una picha ya mwanamke anacheka, nywele zinapepea. Aliijua picha ile kuliko picha ya ndoa yake.

"Nipe chanuo lako," akasema.

"Chanuo la nini? Kesho kitana kitakwama."

"Nimesema nipe chanuo. Mimi na wewe nani shangazi?"

Akazichana, akazigawa, akamsuka twende kilioni upya, mistari myembamba kuliko ya kwanza, akivuta kwa upole ili ngozi isiume. Kichwa cha msichana kililegea kwenye goti lake, akapitiwa na usingizi mdomo wazi. Mama Kitana alisuka mpaka mwisho. Kopo akalirudisha kwenye mfuko wa duka bila kufunguliwa. Hakuwa na mpango wowote. Alikuwa na ukaidi tu, na ukaidi asubuhi ukifika unataka kuambiwa unakwenda nao wapi.

Jumatatu mstari ulikuwa mrefu. Hata wa kufua mashuka waliletwa. Meneja mwenyewe alikuja kusimama karibu na friji, mikono ameifunga kifuani. Nje ya mlango wa jiko lilikuwepo boksi kubwa kama kabati, la ile mashine. Mzee Chumvi alichungulia na mwiko mkononi.

"Kimepita. Mbele. Kimepita. Mbele."

Akafika kwa Kiberiti. Msichana alikuwa ameinua kidevu, macho kwenye ukuta. Mama Kitana akakiweka kitana kwenye paji la uso, akakinyanyua kidogo sana, upana wa ukucha, akakipeleka nyuma juu ya ile mistari bila kugusa hata unywele mmoja. Kikatua kisogoni.

"Kimepita," akasema. "Mbele."

Friji ikakohoa. 

"Mama," meneja akaita. "Hebu rudia."

Akarudia. Hewani vilevile, taratibu vilevile. "Kimepita."

Meneja akasogea, akanyoosha mkono, akakichukua kile kitana kwa vidole viwili. Hakupaza sauti. "Naona leo tumesahau kazi. Tuanze na wewe, mama, wasichana wakumbuke kinavyopita." Akakipandisha kuelekea paji la uso la Mama Kitana.

Lile wigi lingetoka. Jino la kwanza tu lingenasa, na lingetoka lote mbele ya wanawake wale wote. Mama Kitana akatazama mstari, apate kuona nani atakuwa wa kwanza kucheka. Hakuona jicho hata moja. Kila mwanamke alikuwa ameinamisha uso, anatazama viatu vyake. Mzee Chumvi amegeuka, anatazama boksi. Na Kiberiti, moto mtupu yule, amefumba macho kabisa.

Hapo ndipo alipojua kwamba wanajua. Wote. Toka zamani. Walikuwa wanamsitiri kila asubuhi, wao aliowatuma nyuma na aliowatuma mbele, wakakaa kimya nalo jambo hilo mpaka likawa sehemu ya kazi, kama kupanga vikombe.

Aibu ilimpanda toka miguuni. Ilipofika kinywani ilikuwa imegeuka kitu kingine.

Akaushika mkono wa meneja, kwa adabu, kama unavyomshika mtoto anayetaka kugusa jiko.

"Mwanangu, usijisumbue. Kitapita, lakini juu juu. Mimi chini sina kitu, na hawa wote wanajua, nadhani na wewe unajua. Hizo zako nzuri zimeshonewa juu ya nini? Si juu ya twende kilioni kama hii ya mtoto? Msusi wako ni jirani yangu. Basi kwako kinapita juu juu, kwangu kinapita juu juu, na kwa huyu nimekipitisha juu juu. Kosa langu lipi?"

Mkono wa pili wa meneja ulipanda wenyewe mpaka kichwani kwake, ukagusa karibu na sikio, ukashuka. Kwa kitambo kifupi sana alionekana msichana tu, aliyechoka, aliyeamka mapema kujitengeneza. Mtu angeweza hata kumhurumia. Kisha uso ukajifunga.

"Wageni wanashuka," akasema. "Kila mtu kazini. Mama, wewe na binti yako nendeni nyuma kwa sasa."

"Kwa sasa mpaka lini, madamu?"

"Mpaka mashine ifungwe."

Wakaenda. Kule nyuma Mama Kitana alisimama mbele ya sinki lilelile aliloliacha akiwa binti. Bati lilikuwa limekunjika palepale. Mvuke ukalegeza gundi, wigi likaanza kuteleza kama kofia ya mlevi, akageukia ukutani, akalivua, akalitia kwenye mfuko, akajifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Kiberiti alisugua sufuria kwa nguvu akitazama pembeni.

"Nilikuwa najua toka wiki ya kwanza," akasema baadaye. "Ulisahau kufunga mlango."

"Na ukanyamaza?"

"Ningekuambia nini, shangazi? Ungenifukuza."

"Ningekufukuza kweli."

Wakacheka, lakini si sana.

Kesho yake asubuhi walisikia viatu koridoni, mstari ukipangwa. Mama Kitana alikuwa amejiambia kwamba pengine jambo lile limekwisha, kwamba mtu akiusema ukweli mbele ya watu wengi vile haiwezekani ukapotea hivihivi. Ikasikika sauti. Si ya meneja. Ilikuwa ya mmoja wa wahudumu, mama wa watoto wadogo, mpole, ambaye mwaka mzima hajawahi kujibizana na mtu. Alianza kwa kutetemeka.

"Ki... kimepita. Mbele."

Mzee Chumvi aliingia na mzigo wa sufuria, akaziweka chini. "Kitana wamempa huyo," akasema. "Analia huku anapitisha. Nimemwambia ashike na kitunguu mkononi, watu wasijue." Hakuna aliyecheka, naye hakungoja kicheko. Akampiga Mama Kitana begani, akatoka.

Boksi la mashine lilibaki pale mlangoni. Fundi alikuja, akasema mabomba ya chumba kile hayafai, akaondoka kutafuta mengine, hajarudi. Atarudi wiki hii, au mwezi huu, hakuna ajuaye. Kila wakitoka na kila wakiingia ilibidi wapite ubavu ubavu, matumbo yamebanwa ndani, kulipisha boksi hilo ambalo siku likifunguliwa wao hawana kazi. Meneja akikutana nao anasalimia kwa upole uleule. Kwa kaka walipeleka habari kwamba mtoto yuko salama na kazi inaendelea, na haikuwa uongo.

Nywele za Kiberiti ziliota, zikanona kwa ule mvuke. Kila Jumapili anakaa kwenye mkeka, na shangazi yake anamfumua, anamchana, anamsuka upya. Yule mkaidi wa nyuma ya sikio anavutwa kwa subira mpaka alale.

Lakini asubuhi ni asubuhi. Sauti ile ya koridoni siku hizi haitetemeki tena. "Kimepita. Mbele. Kimekwama. Nyuma." Na Mama Kitana, mikono yake ndani ya maji ya moto, hajui kama anafanya, lakini Kiberiti anaona: kila sauti ile ikisema, mkono wa kulia wa shangazi yake unaondoka, unakwenda toka mbele kurudi nyuma juu ya sahani, toka mbele kurudi nyuma, kwa kipimo kilekile.

"Shangazi."

"Nini?"

"Joto. Si uvue basi hicho kitambaa?"

"Kitambaa changu kinakuuma nini?" akasema Mama Kitana, akachukua sahani nyingine.